Chura wa Ngao na Kipande cha Saba

Neema alinipigia simu siku ya pili ya msiba. Sikuwa nikimfahamu. Aliniamkia, akajitambulisha kuwa ni binti wa Mwalimu Shekiondo wa Lushoto, kisha akaniambia kwamba baba yake amefariki na watamzika Jumamosi. Nilikuwa uani nikikagua makuti yaliyoletwa asubuhi ile, nikaketi juu ya mzigo wenyewe na kumpa pole. Akanieleza kwamba wao Walutheri, kabla ya kumzika mtu, humsomea historia ya maisha yake, na katika kukusanya karatasi za marehemu wamekuta picha ya binti aliyejifunga kanga, ameketi sakafuni mbele ya mkeka uliopangwa mawe. Nyuma ya picha pameandikwa Mwanaidi, Ngamiani. Walipoulizia Tanga kama yupo Mwanaidi aliyewahi kukaa Ngamiani, hawakupata tabu kunipata, maana mimi ni mtu ninayejulikana, sijidogoshi. “Sasa Mama,” akasema, “tukuandikeje? Ulikuwa msaidizi wake?” Nikamwambia nitakuja mwenyewe, nitamjibu nikifika. Mimi ndiye niliyekaribia kumpotezea Mwalimu mnyama wake, ndiye niliyemrudishia, na baada ya hapo nikamnunia zaidi ya miaka arobaini. Hilo huliandiki kwa neno moja katika karatasi ya msiba.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa kwa Bi Zainabu pale Ngamiani. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayamo katika habari hii. Nyumba ya Bi Zainabu ilikuwa ya makuti bado, wakati majirani wengi walikwisha kuhamia bati, na hayo makuti niliyashona mimi. Kutwa nilikuwa uani, nakunja majani ya mnazi juu ya ufito, napitisha kamba, nakaza, naanza jingine. Ndipo Mwalimu alipokuja kupanga vyumba viwili vya mbele. Alikuwa Mshambaa mrefu, mkimya, anayefundisha katika chuo kimoja mjini, na nyuma yake wapagazi walibeba masanduku sita ya mbao mazito hata wakawa wanapumzika kila hatua kumi. Bi Zainabu alisimama ukumbini mikono kiunoni akitaka kujua kuna nini ndani. Mwalimu akamjibu bila kuficha kwamba ni mifupa. Bi Zainabu akauliza ya nani. Akaambiwa ni ya mnyama, na ya zamani hata imekuwa mawe. Akasema kama imekuwa mawe basi haina neno, ila isiingie jikoni.

Chumba cha mawe nakiona hadi leo. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya masanduku mawili. Palinuka mafuta ya taa na vumbi la udongo mwekundu ambao si wa Tanga. Masanduku yalitoka bonde la Ruhuhu, huko kusini mito inakoteremkia Ziwa Nyasa, ambako Mwalimu alikwenda na wachimbaji, akalala kwenye hema miezi mizima. Wakubwa wake Dar es Salaam walimpa mwaka mmoja amsafishe mnyama, amchore, kisha amrudishe. Alikuwa akifanya kazi hiyo peke yake baada ya masomo, na ilikuwa ikimshinda, kwa sababu mikono yake ilikuwa mizito. Siku moja alipita uani akasimama kuniangalia nashona. Kesho yake aliniletea jiwe moja la ukubwa wa kiganja, sindano nene na mswaki wa meno, akanionesha namna ya kuchokoa mchanga bila kugusa mfupa. Nikamaliza jiwe lile kabla ya adhuhuri. Alilipindua mara tatu, akalitia mfukoni akaondoka nalo, na jioni akarudi na mawe mengine mawili na kikapu cha viazi vya kwao.

Mnyama mwenyewe alikuwa na jina refu la kitabuni, Peltobatrachus. Sikuliweza, ndipo Mwalimu akanipa la kwetu, chura wa ngao. Alinieleza kwamba si chura hasa, ila yuko katika ukoo mmoja na mababu wa vyura, na kwamba aliishi hata kabla ya wale mijusi wakubwa ambao watu huwasikia. Alikuwa na miguu minne mifupi na urefu kama wa mkono wa mtu mzima, na alitembea nchi kavu. Cha ajabu ni mgongo wake. Chura tunayemjua sisi ana ngozi tupu, lakini huyu alivaa mifupa juu ya mifupa, vipande bapa vilivyopangwa safu kwa safu kukata mgongo, mabegani vipana, kiunoni vyembamba, nyongani vipana tena. Majirani waliochungulia dirishani walimwita kakakuona wa mawe, na hawakukosea sana. Kichwa hatukuwa nacho. Tulikuwa na vipande thelathini na vinane vya ngao, na kila kimoja Mwalimu alikibandika kikaratasi chenye namba kwa penseli, kuonesha kilipolala mgongoni. Gundi mwaka ule haikupatikana, kama sabuni na sukari zisivyopatikana, kwa hiyo alibandika kwa uji mzito wa ngano. Uji nilimpikia mimi.

Nilipenda kazi ile. Nilipenda zaidi ya makuti, na makuti nayapenda. Chakula tulikula pamoja ukumbini. Bi Zainabu alipika bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki wa kukaanga, Mwalimu akawa analimega kwa uangalifu kama anayechokoa jiwe, na Bi Zainabu akamtania kwamba watu wa milimani wanakula kwa kuhesabu. Yeye alicheka polepole, akasema kwao bada ni dawa ya kubandikia karatasi. Walikuwa wakitaniana hivyo kila siku, mmoja Mwislamu wa pwani na mwingine mzee wa kanisa, na sijasikia hata siku moja mmoja akimvunjia mwenziwe heshima. Nimekaa na watu wa dini moja wakashindwa hilo.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, chuo kilifungwa, Mwalimu akaenda kwao Lushoto kwa siku kumi na mbili na kuniachia ufunguo. Sasa, kila Ramadhani ukumbi wa Bi Zainabu ulikuwa na darsa ya wanawake baada ya alasiri, na kabla ya mwezi kuandama nyumba ilisuguliwa kuanzia kizingiti hadi chooni. Siku tunatandika mikeka nilisikia maneno ya wanawake wawili waliokuja kusaidia. Mmoja alimwambia mwenziwe kwa sauti ya chini kwamba chumba cha mbele kina mzoga. Mwenziwe akasema ni mawe. Yule wa kwanza akauliza, mnyama huyo alichinjwa? Kama hakuchinjwa ni mzoga, na mzoga ni najisi, na ukumbi ni huu huu tunaoswalia. Mwalimu wa darsa alipoulizwa alisema kilichogeuka jiwe ni jiwe, watu wasijitie tabu. Lakini Bi Zainabu hakulala na maneno yale. Alikuwa mtu ambaye akiambiwa kuna doa hataki kujua kama kweli lipo, anataka liondoke. Asubuhi akatoa chini ya kitanda mche wa sabuni alioufungia kwenye kanga kwa miezi kadhaa, akanikabidhi. Akasema, “Mwanangu, mtoe mnyama huyo umwoshe. Maji matatu, kama inavyotakiwa. Kuosha hakujamdhuru mtu.”

Nami nikamwosha. Nilifungua chumba, nikatoa vipande vyote thelathini na vinane hadi uani, nikavitumbukiza kwenye karai la maji ya sabuni, kisha maji safi, kisha maji safi tena. Nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Vikaratasi vilipobanduka na kuelea sikushtuka, nikachukua chujio la nazi nikavichota kimoja kimoja, bila kuchana hata kimoja, nikavianika kwenye sinia. Vipande nikavianika mkekani. Bi Zainabu alikuja akaangalia, akasema mnyama sasa anapendeza, na mimi nilijiona hodari kweli kweli. Halafu nikapika uji wa ngano, nikashika kikaratasi cha kwanza, nikatazama vipande. Ndipo nilipoelewa. Penseli ilikuwa haijafutika hata kidogo, namba zote ziko, moja hadi thelathini na nane, lakini nilikuwa sijui ni ya kipande gani hata moja. Nilikaa pale na kile kikaratasi kidoleni mpaka uji ukaganda.

Bi Zainabu alipoelewa, alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi akashika tama. Tulijua sote kitakachotokea. Baada ya Idi wakubwa wa Mwalimu wangetuma gari kuchukua masanduku, na wangekuta mzigo wa kokoto. Miezi yake ya hema, jioni zake zote kwenye ule mlango uliolazwa, vingekuwa kazi bure, na jina lake mbele ya wakubwa lingekwisha. Bi Zainabu alinipenda, ndiyo maana akanishauri niseme mvua imevuja, maji yameingia chumbani, vikaratasi vikabanduka vyenyewe. Ilikuwa imenyesha kweli siku mbili zile. Ulikuwa uongo mzuri. Lakini juu ya kichwa changu lilikuwa paa nililoliezeka mwenyewe, na halikuwa limevuja hata tone tangu nilipolimaliza. Nilimwambia, “Bi Zainabu, niseme mvua ilipitia wapi?” Sitajifanya kwamba ni ucha Mungu tu ulionizuia. Niliogopa kumdanganya Mwalimu, lakini nilichukia zaidi kulisingizia paa langu.

Paa hilo ndilo lililoniokoa. Mwezi mmoja kabla tulikuwa tumeezua upande wa nyuma, na makuti ya zamani yalikuwa bado yamerundikwa uani tukiwashia moto. Siku ya pili ya mfungo nilivuta kuti moja nikaliangalia bila nia yoyote. Kuti lililotoka paani lina sehemu mbili. Sehemu ya chini, iliyopigwa na jua na mvua, imekuwa ya kijivu na imekwaruzika. Sehemu ya juu, iliyofunikwa na mwenziwe, inabaki laini na ina rangi yake. Hata ukinipa kuti moja gizani, kwa kidole nitakuambia lilifunikwa mpaka wapi. Nikaenda chumbani nikachukua kipande cha chura wa ngao. Kilikuwa na vipele vidogo vidogo uso mzima, vile nilivyovichokoa kwa sindano miezi yote, isipokuwa ukingo mmoja, ambao ulikuwa laini. Nikachukua cha pili. Nacho vipele, na ukingo laini. Mnyama huyu ameezekwa, nikajisemea. Vipele ndiyo sehemu iliyokuwa nje, ulaini ndiyo sehemu iliyofunikwa na mwenziwe wa mbele. Kichwa ndiyo kilele cha paa, mkia ndiyo ukingo wa chini, na mvua ikimnyeshea inateremka kutoka shingoni kwenda nyuma bila kuingia.

Siku nane nilikaa na mkeka ule. Nilianza baada ya kurudi sokoni asubuhi, nikaacha alasiri wanawake wa darsa walipofika, nikaendelea kidogo wakati Bi Zainabu akipika uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi kwa futari. Nilipanga vipana mbele, nikagundua vipana ni vya namna mbili, vya mabega na vya nyonga. Nilipima upana wa ulaini kwenye kila kipande kwa unyasi, kwa sababu ulaini wa kimoja lazima ulingane na ukingo wa kile kinachokifunika, kama makuti ya mshonaji mmoja. Vilipokataa nilivitawanya nikaanza kupanga upya. Wale wanawake wawili waliosema mzoga walipita wakasimama mlangoni kila siku, na kufikia siku ya tano wakawa wananiambia kile cha kushoto hakijakaa sawa. Siku moja hawakukosea. Siku ya nane kulikuwa na mgongo mzima mkekani, umepinda kidogo kama mnyama anayegeuka. Nikabandika namba kwa mpangilio wangu, na nikajua niko sawa. Sikutumaini, nilijua. Sikuwahi kujua kitu namna ile kabla ya hapo.

Mwalimu aliporudi nilimsubiri ukumbini. Nilimwamkia, nikampokea mkoba, nikamwambia yote kabla hajaketi: sabuni, karai, chujio, namba. Alinisikiliza amesimama. Uso wake haukubadilika, ila alishika nguzo ya mlango. Bi Zainabu alitoka akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyetoa sabuni, nami nikasema mkono ulioosha ni wangu. Mwalimu akaingia chumbani, akauona mkeka, akauliza ni nani aliyepanga. Nilimletea kuti la zamani, nikamwonesha. Akakaa chini sakafuni, suruali yake ya safari na viatu vyake vya vumbi, akatoa mkobani daftari lake. Humo alikuwa amechora vipande kumi vya mwanzo tu, vya mabegani, kabla ya kuondoka. Mimi daftari lile sikuwa nimelifungua hata siku moja. Akaanza kulinganisha. Cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Alikuwa akivitaja kwa sauti, na Bi Zainabu mlangoni akawa anajibu alhamdulillahi kwa kila kimoja. Kufika cha kumi, tisa vilikuwa kama alivyovichora, mahali pale pale na upande ule ule. Mwalimu alivua miwani akafuta macho, akaniambia, “Mwanaidi, umeniezekea nyumba.” Siku hiyo alifuturu nasi, akala bada bila kuhesabu, na alfajiri yake akaleta kamera ya chuo akanipiga ile picha.

Laiti habari ingeishia hapo. Kilibaki kipande cha saba. Kilikuwa mahali pake, lakini kwenye daftari alikichora kimegeuka, ulaini nyuma na vipele mbele. Nilimwambia daftari limekosea. Alikiri kwamba kipande kile hakikukutwa kwenye safu kule Ruhuhu, kiliokotwa pembeni mchangani, na upande wake aliukisia. Alikishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ukingo, na nikaona kabisa kwamba ameelewa. Lakini mchoro wa vile kumi alikwisha kuutuma Dar es Salaam kabla ya kwenda likizo, pamoja na barua. Wakubwa wake walikuwa wagumu, na yeye alikuwa Mwafrika pekee katika kazi ile, mwenye kuangaliwa kwa kila hatua. Akasema kilichokwisha kwenda kimekwenda, ni kipande kimoja tu. Nilikasirika, na sikuficha. Nilimwambia, “Mimi langu nimekueleza, Mwalimu, na lilikuwa kubwa kuliko hilo. Nawe waeleze lako.” Baada ya Idi gari lilikuja. Nilimwona kwa macho yangu akikifunga kipande cha saba kwenye pamba, na kikaratasi chake kimebandikwa kufuata upande ule wa daftari, wa uongo. Sikutoka kumuaga.

Aliniandikia. Kila Idi, miaka mingi, ilikuja kadi yenye salamu kwangu na kwa Bi Zainabu, na baada ya Bi Zainabu kufariki ikaja kwangu peke yangu. Sikujibu hata moja. Nilikuwa na hasira ya kijana anayedhani kwamba anayekosa ujasiri mara moja hana ujasiri. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, nimewahi kunyamaza mbele ya watu wenye nguvu mara ambazo sitazitaja hapa, na najua kwamba kuniacha mimi nimkosoe ndani ya chumba kile, binti asiye na cheti, lilikuwa jambo ambalo wanaume wengi wa wakati ule wasingelikubali. Mwaka ule ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo. Nimeezeka mabanda ya wageni Ushongo na nyumba za watu wenye fedha hadi Pangani, na mhandisi akiniletea karatasi yenye mchoro uliokosea namwambia umekosea, halafu nakaa chini nasubiri. Mpaka leo sijasubiri bure. Ila kadi zile ningezijibu. Najuta, na sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Nilifika Lushoto Ijumaa mchana, baridi imenishika hata chini ya shuka mbili. Neema ni mrefu kama baba yake. Alinipokea kwa mikono miwili, akaniingiza sebuleni katikati ya waombolezaji, akaniketisha, akaniletea chai. Karatasi ya historia alikuwa nayo mkononi, na nafasi yangu imeachwa wazi. Akaniuliza waandikeje. Kabla sijafungua kinywa nilimwona. Alikuwa juu ya kabati, kwenye kitambaa cha kufuma: chura wa ngao, wa plasta, mzima, miguu yake minne mifupi, na kichwa ambacho Mwalimu lazima alikibuni. Neema akasema baba alimtengeneza baada ya kustaafu, kipande kwa kipande, ilimchukua miaka. Niliinuka nikaenda kabatini. Nilihesabu kutoka shingoni, mpaka cha saba, nikakigusa, nacho kikacheza chini ya kidole. Vingine vyote vilikuwa vimegandishwa imara. Hicho kilikuwa kimewekwa tu, upande wa daftari, ulaini nyuma. “Hicho hakina gundi, Mama, angalia kisianguke,” Neema akasema. “Kila tulipotaka kukigandisha Baba alikataa. Alikuwa anasema kina mwenyewe, yuko Tanga, siku moja atakuja.”

Nilikitoa. Alikuwa ameufinyanga hata ule ukingo laini, kwa upana wake kamili. Nikakigeuza, nao ukaingia chini ya mwenziwe wa mbele bila kulazimishwa. Waombolezaji walikuwa wakiniangalia, na Neema bado amesimama kando yangu na ile karatasi na kalamu yake. Nikamwambia aweke kalamu chini kwanza, aniletee gundi.